Madrega ya Susu

Gunia lile lilikuwa limekunjwa chini ya kitanda cha Susu, na kabla sijaligusa nilijua ni lenyewe kwa harufu. Mbaazi kavu, vumbi jekundu, na moshi wa jikoni uliokaa kwenye nyuzi miaka mingi ukasahau kutoka. Tulikuwa tunatoa vitu vya nyumba ya nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita Susu, mimi na Mama, wiki chache baada ya kumzika. Mama alikuwa anasema, "Hii ya kupeana, hii ya kuchoma, hii ya shangazi yako," kwa sauti ya mtu anayepanga bidhaa sokoni, na mimi nilikuwa nabeba tu, kwa sababu kubeba ndiyo kazi ninayoiweza bila kuongea. Nilipovuta gunia akalitazama kidogo, akageuza uso.

"Hilo ni la kuchoma."

Sikulipeleka. Nilikaa nalo magotini kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine ashike.

"Nimesema la kuchoma."

"Nimesikia."

"Sasa?"

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda ambacho hakikuwa na godoro tena, akasema yale maneno yaliyonifanya niandike kurasa hizi. "Mama yangu alikufa bila kunisamehe. Alikuwa karibu kufika juu kabisa, mimi nikamshusha. Usinibishie. Wewe ulikuwa mtoto."

Sikumbishia. Mimi si mtu wa kubishana, hata darasani najua jibu na nanyamaza. Lakini nilishtuka, kwa sababu miaka hiyo yote nilikuwa naamini aliyemshusha Susu ni mimi.

Itabidi niwaeleze kuhusu madrega, maana najua wengi wenu wa rika langu hamjawahi kulisikia hilo neno, isipokuwa kama mlikulia upande wetu wa mlima.

Shamba la Mwalimu Nzioka lilikuwa juu ya njia yetu, limekatwa matuta kama ngazi za jitu, na kila ukingo umepandwa makonge ya kushika udongo. Mashamba ya Machakos yako hivyo, hapo hakuna cha ajabu. Cha ajabu ni kwamba yeye aliacha kulima lake. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, mtu mrefu aliyefunga shati hadi kifungo cha shingo hata jua liwake namna gani, na aliongoza kanisa letu dogo la watu wanaoshika Sabato ya Jumamosi. Siku moja alienda semina Nairobi akakutana na mgeni aliyekuwa akifundisha maneno ya Kiebrania. Watu wengine huenda Nairobi wakarudi na blanketi. Yeye alirudi na neno.

Madrega. Alisema kwamba kwa wale Wayahudi wanaochimba siri za Mungu, hicho ndicho cheo cha roho, mahali nafsi ya mtu imefika katika kupanda kwake kumkaribia Muumba. Kila mtu ana yake, alisema, na hakuna anayesimama mahali pamoja, usipopanda unateleza. Sasa sisi hatukuwa na jengo. Tulikuwa na mlima wenye matuta saba. Nadhani Mwalimu alipoyatazama matuta yake asubuhi moja aliona Mungu alishamaliza kazi, kilichobaki ni watu kukaa.

Basi tukakaa kwa madrega. Tuta la kwanza, lile pana lililo karibu na lango, lilikuwa la wageni na waliovunja Sabato. La pili lilikuwa la watoto na waliobatizwa juzi juzi. Kutoka hapo ulipandishwa kadiri Mwalimu na wazee walivyoona roho yako inakua, na kule juu, kwenye la saba, alisimama Mwalimu mwenyewe na Biblia yake. Sisi wa chini hatukumwona. Ule mlima una kitambi hapo katikati, umevimba kama mtu aliyeshiba, na ukiwa chini ya kitambi huoni kitu ila ncha za makonge na mawingu. Kwa hivyo neno lilishuka kwa midomo. Mwalimu alisema, mtu wa tuta la sita akageuka akarudia, wa la tano akapokea, hivyo hivyo hadi likatufikia. Mara nyingine Amina ya juu ilitukuta sisi bado tuko katikati ya sala.

Mpokezi wetu alikuwa Mama Mueni, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde, ambaye alikuwa amekwama kwenye tuta la pili kwa ajili ya mdomo wake. Hakuweza kupitisha neno bila kulitia chumvi.

"Bwana asema, tubuni!" angepaza. "Na wewe Kyalo, toa kidole puani!"

Kyalo alikuwa mtoto wa jirani yetu. Alishapanda hadi la tatu akashushwa kwa kucheka wakati wa maombi, na hasira zake zote akanimalizia mimi. Sisi watoto tulipandishwa kwa kukariri Zaburi mbele ya wazee. Nilizijua, naapa nilizijua, nilikuwa nikiziimba nikiteka maji. Lakini nikisimamishwa mbele ya watu, maneno yaligeuka yakarudi tumboni.

"Wewe utazeeka hapa," Kyalo aliniambia. "Mungu hata hajui jina lako. Si hujawahi kumwambia?"

Majibu yangu yote kwa Kyalo niliyatoa nikiwa nyumbani, nikiwajibu mbuzi.

Susu alikuwa wa juu, wa tuta la sita. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti, na kiuno chake kilikuwa kibovu tangu nimjue. Aliniita kamwaitu, yaani kamama kangu, kwa sababu jina langu ni la mama yake. Tuliishi wawili tu. Kila Sabato tulipanda pamoja, yeye gunia la kukalia kwapani, mimi nimeshika kidole chake kimoja, kile cha katikati kilichokuwa na ukucha mgumu. Tukifika tuta la pili aliuachilia mkono wangu. "Haya kamwaitu, kaa na wenzako." Halafu nilisikiliza kandambili zake zikipanda njia ya kando, kokoto zikiteleza, mpaka kitambi cha mlima kikazimeza.

Mama yangu alikuwa Kyumbi, kwenye njia panda, akiuza matunda kando ya barabara. Alikodi chumba huko, akaja nyumbani siku alizoweza. Machungwa na maparachichi aliyatoa Kangundo, akayapanga kwenye beseni na kwenye nyavu, na siku yake kubwa, ole wetu, ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku magari ya mazishi na ya harusi yanapita, na watu wa mazishi na wa harusi hawaendi kwa watu mikono mitupu. Susu hakukubali.

"Siku sita Mungu amekupa," alimwambia. "Hii moja tu inakushinda?"

"Mama, mtoto anakula siku saba."

"Usilete kwangu kitu cha Sabato."

"Sawa. Nitaleta, na wewe usile."

Ikawa hivyo. Mama alileta machungwa yaliyobaki Jumamosi, akayaweka mlangoni, akaondoka. Susu hakuyagusa, na mimi nikakatazwa kuyagusa. Yalikwenda kwa mbuzi. Mbuzi wetu walikuwa wanene kuliko wa mtu yeyote upande ule, na maziwa yao, sijui kama ni akili yangu, yalikuwa na utamu wa machungwa. Ilifika mahali wakawa hawasalimiani. Mama akija aliongea na mimi, na Susu aliongea na mimi, na mimi nisiyeweza kuongea nikawa daraja la kupitishia maneno. "Muulize mama yako kama atakunywa chai." Wote wawili wakiwa wamekaa jikoni, magoti yamekaribia kugusana.

Sasa kuna Mzee Muli. Kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Mzee Muli ndiye pekee aliyekuwa amewahi kuitwa tuta la saba. Alikuwa mzee sana, walimpandisha wakimshika makwapa. Tuliimba, tukapiga makofi, na kabla mahindi hayajatoa ndevu Mzee Muli akawa amekufa. Kwenye maziko watu wakubwa walisema, "Amepandishwa cheo." Walisema wakitabasamu. Mimi nilisimama kati ya miguu yao nikafanya hesabu yangu. Kyalo alikuwa ameifanya tayari.

"Baada ya la saba kuna nini?" aliniuliza.

Nikainua mabega.

"Hakuna. Ni juu tu. Ukifika la saba unachukuliwa mbinguni, kama Eliya."

"Na Mwalimu mbona hachukuliwi?" Ninakumbuka niliuliza kwa sauti, ndivyo nilivyoogopa.

"Mwalimu ni kama bawabu wa shule. Anafungua lango, haingii."

Nilikuwa darasa la tatu, na kwa akili ya darasa la tatu hilo jambo lilikuwa limefungwa kwa misumari. Kwa hivyo Susu alipoanza kushona upindo wa leso mpya, na wanawake wakaanza kupita kwetu wakisema, "Mama Ndunge, tunasikia mambo yako," na yeye akicheka kwa mabega, nilijua nini kinakuja. Ndunge ni Mama. Watu hawakumwita Susu kwa jina lingine. Sikumwuliza lolote. Nililala nimeshika upindo wa gauni lake, na mchana nilimfuata hata chooni nikangoja nje. Alidhani nina minyoo, akanipa dawa.

Siku yenyewe jua lilikuwa la kuchoma, makonge yamesimama kama mikuki. Tulipofika tuta la pili aliachilia mkono wangu kama siku zote, akasema maneno yale yale, na mimi nikashindwa kusema usiende. Neno lilikuwepo. Lilifika hadi kwenye meno.

Katikati ya ibada lango lililia, na Mama akaingia. Nadhani habari zilikuwa zimemfikia Kyumbi. Alikuwa na aproni yake ya kazi, ile ya rangi ya machungwa yenye mifuko miwili mbele, na beseni kichwani limejaa, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia. Beseni la biashara, Sabato, kanisani! Mzee wa lango alimwonyesha tuta la kwanza kwa kidevu. Alisimama kidogo akitafuta mahali, ingawa tuta zima lilikuwa tupu, halafu akakaa peke yake katikati, akalifunika beseni kwa leso. Aliniona, akanikonyeza. Nilitaka kumkimbilia, lakini mtu hakutoka kwenye madrega yake bila ruhusa.

Ndipo sauti ikaanza kushuka. Niliisikia kwenye la tano, la nne, la tatu, ikikaribia kama mvua inayotembea juu ya mabati, na Mama Mueni akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama Ndunge anaitwa juu! La saba! Mwanamke wa kwanza, haleluya, na kiuno chenyewe hicho kibovu!"

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikatazama angani. Nilikuwa natafuta moto, au farasi, au wingu lolote lenye haraka. Sikuona kitu, na kutokuona ndiko kulikonitisha zaidi. Nikafikiri labda ameshakwenda na sikumuaga. Nilianza kulia, mimi ambaye hata nikichapwa silii kwa sauti. Kyalo akaacha kupiga makofi, akaniangalia.

Kisha kukawa kimya kule juu. Halafu kokoto.

Susu alitokea kwenye kona ya njia, gunia kwapani, leso mpya imelegea begani, akishuka haraka kuliko kiuno chake kilivyoruhusu. Alikuwa anatazama chini, mbele, mbali. Alipofika kwetu akasimama ghafla, akaniangalia kwa namna ambayo nimeikumbuka vizuri maisha yangu yote bila kuielewa: kama mtu aliyekuta kitu njiani ambacho hakukitarajia. Akafuta uso wangu kwa kiganja. "Twende," akasema. Tukashuka hadi tuta la kwanza, mimi na yeye, mbele za watu wote. Akasimama mbele ya Mama.

"Songea nikae."

Mama akasogea. Alikuwa anatazama ardhi, shingo yote imejaa aibu. Susu akatandaza gunia, akakaa, akanikalisha upande wake wa mlimani. Halafu akafunua leso ya beseni, akachagua chungwa, akalimenya kwa ule ukucha wake mgumu. Harufu ikaruka. Alitoa kipande kimoja akakiweka mdomoni. Alikitafuna polepole, akameza. Lililobaki akanipa mimi.

Swali likashuka kutoka juu, mdomo kwa mdomo. "Mwalimu anauliza, kuna nini?" Kwa mara ya kwanza Mama Mueni hakuongeza chumvi.

Susu alifikiri kidogo. "Mwambieni mtoto alikuwa analia."

Na jibu lake likapanda. Mtoto alikuwa analia, akasema Mama Mueni. Mtoto alikuwa analia, wakasema wa la tatu. Niliisikia sentensi hiyo ikipanda mlima wote, tuta kwa tuta, sauti nyingine kila mara, ikiwa nyembamba zaidi na zaidi, hadi ikamfikia Mwalimu. Hadi leo mtu akitaja neno dhambi, hiyo ndiyo sauti ninayoisikia.

Baada ya ibada Mwalimu Nzioka alishuka hadi kwetu, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Mama alikuwa ameshaondoka kabla ya sala ya mwisho, na beseni lake.

"Mama Ndunge," alisema, bila ukali, kama anayemsikitikia mwanafunzi mzuri, "mtu akishuka kwa miguu yake mwenyewe, mimi sina mkono wa kumpandisha."

"Sijakuomba mkono, Mwalimu."

Hakuitwa tena. Alikaa tuta la kwanza, Sabato baada ya Sabato, akiwa na wageni na walevi na mama mmoja aliyekuwa akija kunyonyesha tu. Mama hakurudi tena siku ya Jumamosi, wala hakuleta tena machungwa. Walianza kusalimiana, ndiyo, lakini kwa namna ya watu waliovunja chombo cha mwenye nyumba na kila mmoja anangoja mwenzake akitaje. Na mimi, nilipopata akili ya kujua kwamba hakuna anayechukuliwa kama Eliya, nikabaki na hesabu nyingine: kwamba nilikuwa nimemlilia mwanamke akashuka kutoka mahali alipotumia nusu ya uzee wake kupanda. Nilikuwa nakaa karibu naye nikitaka kumwomba msamaha, na neno lilifika hadi kwenye meno.

Nikumbuke na hili. Gunia lake alilitandaza lote, bila kulikunja, upana wa watu watatu. Mimi nilikaa upande wa mlimani. Upande wa lango palikuwa patupu. Mgeni akitaka kukaa hapo Susu aliweka kiganja juu ya gunia, akasema kwa upole, "Hapo kuna mtu." Nilikuwa bado mdogo wakati alipoanza hivyo, nikadhani anamwekea Eliya. Baadaye nilidhani ni uzee.

Siku hizi kanisa liko kando ya barabara, la mabati, lenye viti vya plastiki, na kila mtu anakaa anapopata. Mwalimu Nzioka hasikii vizuri, anakaa mbele na wazee wenzake na hakuna anayesema tena madrega. Watoto wake wamepanda mbaazi kwenye matuta yote saba.

Basi, hiyo siku ya kutoa vitu, Mama aliposema yale, sikubaki na mawazo yangu kama kawaida. Nilichukua simu yangu nikalitafuta hilo neno kwenye intaneti, sijui kwa nini sikuwahi. Lipo. Mwalimu hakutudanganya: ni Kiebrania, ni ngazi, ni daraja, na wapo kweli waliofundisha kwamba roho inapanda madrega baada ya madrega. Ila wapo pia waliofundisha jambo ambalo Mwalimu hakurudi nalo kutoka Nairobi, au pengine hakuambiwa. Kwamba mtu wa madrega ya juu huweza kushuka kwa hiari yake mpaka pale alipo mwenzake wa chini, kwa sababu mtu hainuliwi na anayemwita kutoka mbali. Nilisoma hapo mara nyingi. Susu hakuwahi kulisikia, nina hakika. Hakuna aliyempokezea.

Kesho yake nikachukua gunia nikapanda mlima. Sikuwahi kufika zaidi ya tuta la pili maishani mwangu, na ninaona aibu kusema kwamba hata sasa, na mbaazi zimeshavunwa na hakuna mtu, nilisita kwenye ukingo wa la tatu kama mtu atakayeulizwa. Nilifika la sita. Nilitafuta mahali palipo laini, nikatandaza, nikakaa kama alivyokaa. Nilitaka tu kuona alichokuwa anakiona kabla sijamlilia.

Nikatazama chini kulitafuta tuta la pili.

Halipo. Kutoka la sita huoni la pili. Huoni la tatu wala la nne. Kitambi cha mlima kimeyafunika yote. Nilisimama, nikasogea hadi kwenye makonge, nikachungulia mpaka nikachomwa shavuni. Huoni, na kwa umbali ule, na vigelegele vile, huwezi kusikia mtoto mmoja akilia. Unaona makonge, halafu unaona mgongo wa mlima, halafu mbali chini kabisa, mahali ardhi inapofunguka, unaona lango. Unaona lango na tuta la kwanza. Basi.

Nilikaa chini. Kisha nikampigia Mama.

"Uko wapi? Chai imepoa."

"Njoo mlimani. Kwa Mwalimu."

"Kufanya?"

"Njoo tu, Mama. Tafadhali."

Pengine ni kwa sababu huwa siombi kitu. Alikuja. Nilisikia lango likilia, mbali, na nikamwona akiingia: mdogo kama kidole, kichwa kimefungwa kitambaa, akasimama pale pale katikati ya tuta la kwanza akigeuka huku na huku bila kujua aende wapi. Mtu mmoja kwenye uwanja mtupu. Siku ile alikuwa na aproni ya rangi ya machungwa. Hata mwenye macho mabovu angeiona.

Nilimpungia mkono, akapanda akilalamika njia nzima kuhusu viatu. Alipofika alikuwa anahema. Alipoona gunia akasimama.

"Angalia chini," nikamwambia. "Niambie unaona nini."

"Lango. Kwani kuna nini?"

"Na tuta la pili? Pale nilipokuwa nimekaa?"

Akaangalia. Akasogea kwenye makonge, akaangalia tena, mkono juu ya macho. Niliona mgongo wake ukibadilika kabla hajasema.

"Hakuniona, Mama," nikasema. "Alinikuta njiani."

"Alisema mtoto alikuwa analia."

"Nilikuwa nalia. Lakini hakujua mpaka akanifikia. Alikuwa ameshaanza kushuka."

Mama hakugeuka. "Alichukua lile chungwa akunyamazishe."

"Alikula yeye kwanza. Wewe ulikuwa unaangalia chini. Alikula kipande, akameza, ndiyo akanipa." Sauti yangu ilikuwa inatoka, na nikaona nisipomaliza sasa nitanyamaza miaka mingine. "Na kila Sabato, baada ya hapo, alikuwa anaacha nafasi. Upande wa lango. Mtu akitaka kukaa anamwambia, hapo kuna mtu. Alifanya hivyo mpaka kanisa likahama mlima."

Chini huko pikipiki ilipita barabarani, mbwa akaifukuza, akachoka. Nilifikiria Jumamosi zote hizo, Mama Kyumbi akikimbiza magari ya mazishi na nyavu za machungwa, akiamini amefungiwa mlango. Susu kwenye tuta la kwanza, kiganja juu ya gunia. Na mimi katikati yao, niliyekuwa nimekaa na habari zote mbili tumboni, nisiyeuliza. Sentensi moja ya swali ingetosha. Yeyote kati yetu angeweza kuisema. Susu naye angeweza. Lakini nadhani aliona aibu kama sisi, akaazima machozi yangu ayatumie kama sababu.

"Mwaitu," Mama akasema, si kwangu. Ni neno la kumwita mama, kwa Kikamba, na hakukuwa na mtu wa kuliitikia.

Kisha akaja akasimama juu yangu, akafuta pua kwa nyuma ya mkono. Nilikuwa nimekaa katikati ya gunia.

"Songea nikae," akasema.

Nikasogea upande wa mlimani.